Kabla ya mashine, nunua kitana: zana za kumtunza mbwa nyumbani

Watu wengi huanza kwa kununua mashine ya kunyolea. Mimi nashauri uanze na kitana cha chuma, kile ambacho nusu ya meno yake yameachana na nusu yamebanana. Brashi inaweza kuteleza juu, mbwa akang'aa, kumbe chini karibu na ngozi manyoya yameshasokotana. Kitana hakifichi kitu. Kikipita kutoka ngozini hadi nchani bila kukwama, umemaliza. Kikikwama, rudi papo hapo na brashi.

Zana nyingine utazichagua kwa aina ya manyoya. Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi anatosheka na brashi ya mpira yenye vinundu, mara moja kwa wiki. German Shepherd ana tabaka mbili, manyoya magumu juu na sufi laini chini, kwa hiyo mtafutie reki ya sufi yenye meno butu. Tafadhali usimnyoe eti kwa sababu ya joto. Tabaka la juu humkinga na jua, na likinyolewa linaweza kurudi kwa viraka. Kinachomsumbua ni sufi iliyokufa inayoziba hewa; itoe hiyo kwa reki. Poodle, Maltese na machotara wao ni habari nyingine, kwa kuwa manyoya yao hayaachi kukua. Hao wanahitaji brashi ya sindano, yaani yenye nyaya nyembamba za chuma, na kitana karibu kila siku, na kunyolewa kila baada ya wiki 6 hadi 8.

Brashi ya sindano ijaribu kwanza kwenye mkono wako, upande wa ndani. Ikikuchoma wewe, itamchoma na yeye. Tenga manyoya kwa mistari: mkono mmoja uyainue, mwingine uchane mstari mmoja kuanzia ngozini, kisha ushushe mstari unaofuata. Usikandamize, na usirudie sehemu moja mara nyingi, maana ngozi huchubuka na uwekundu huonekana kesho yake. Kagua zaidi nyuma ya masikio, kwapani, chini ya ukanda wa shingo na ndani ya mapaja. Mafundo huanzia huko.

Fundo usilikate kwa mkasi. Linapokaza huivuta ngozi ikaingia ndani yake, na wewe huioni. Fundo dogo lifumue kwa vidole na ncha ya kitana, ukilishika kwenye shina ili ngozi isivutwe. Lililokaza sana linyoe kwa mashine yenye bledi namba 10 (namba hizi nazieleza hapa chini). Yote haya hufanywa kabla ya kuoga, kwa sababu fundo likilowa na kukauka hukaza zaidi. Shampuu iwe ya mbwa. Ya watu imetengenezwa kwa ngozi yenye asidi zaidi kuliko ya mbwa, nayo humkausha.

Sasa mashine. Bledi za kubadilisha zina namba, na namba ikipanda manyoya yanayobaki hupungua. Namba 10 huacha takriban milimita 1.5, 7F huacha karibu milimita 3, na 4F karibu milimita 9. Anayeanza anunue 10 na 4F tu. Epuka bledi ambayo meno yake ni marefu na mafupi kwa kupishana, kwani hunasa mikunjo ya ngozi, hasa kwapani na kwenye mkunjo wa paja. Ukiacha yale mafundo ya kabla ya kuoga, mbwa wa kunyolewa awe ameoga na kukauka kabisa, maana mchanga uliobaki kwenye manyoya huua makali haraka. Tia matone 2 au 3 ya mafuta ya mashine kabla ya kuanza, kisha kila baada ya dakika chache gusisha bledi ndani ya kifundo cha mkono wako. Ikiwa ya moto, simama. Bledi ya moto huunguza ngozi bila kuacha jeraha la wazi, na unagundua mbwa anapoanza kujilamba mahali pamoja. Ukiagiza mashine kutoka Marekani, soma volti: ya volti 120 pekee itaungua kwenye umeme wetu wa volti 220 hadi 240.

Kwenye kucha, mkasi mkali ni salama kuliko butu, kwa kuwa butu huponda na kuuma. Ukucha mweupe huonyesha nyama ya ndani kwa rangi ya waridi; kata milimita 2 kabla yake. Ukucha mweusi ukate vipande vya milimita 1 huku ukitazama sehemu uliyokata. Katikati pakitokea kidoa cheusi chenye unyevu, acha. Damu ikitoka, bandika unga wa ngano na ukandamize dakika kadhaa bila kufunuafunua. Usisahau ukucha wa pembeni, juu kidogo ya wayo, ambao haugusi ardhi na hujikunja hadi kuingia nyamani.

Zana ya mwisho ni kibano chenye ncha nyembamba, kwa ajili ya kupe. Wapekue ndani ya masikio na katikati ya vidole. Shika kupe karibu kabisa na ngozi, vuta polepole na moja kwa moja, umtumbukize kwenye spiriti. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma. Dawa ya josho la ng'ombe usiipime kwa kukisia, na dawa ya kupe yenye permethrin (kemikali ya kuua wadudu) usiitumie nyumba yenye paka, maana humwua. Mbwa aliyekuwa na kupe akikataa chakula, fizi zikapauka au mkojo ukawa mwekundu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.