Mabango ya madaktari Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa akifika Marekani hushangaa kukuta sura ya daktari kwenye bango la barabarani, jirani na tangazo la magari. Maswali huanzia hapo, na majibu mengi anayopewa si sahihi.

Dhana: Zamani serikali ndiyo iliyowafunga madaktari midomo wasijitangaze.

Yapo majimbo yaliyokuwa na sheria za namna hiyo, lakini mkono mzito ulikuwa wa madaktari wenyewe. Chama chao cha kitaifa, AMA, tangu kanuni zake za maadili za 1847, kilihesabu kujitangaza kuwa ni kuishushia taaluma hadhi. Aliyevunja kufuli ni serikali. Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, ilikishtaki chama hicho mwaka 1975 kwamba kinaua ushindani, na mwaka 1979 ikakiamuru kiache kuwazuia madaktari kujitangaza. Shauri lilifika Mahakama ya Juu. Mwaka 1982 majaji wakagawanyika wanne kwa wanne, na kwa kuwa hawakupatikana wengi wa kuitengua, amri ya FTC ikabaki na nguvu.

Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Katazo lilitetewa kwa jina la heshima, huku mgonjwa akikosa njia rahisi ya kulinganisha hata bei.

Dhana: Basi sasa daktari anatangaza lolote.

Hapana. Amri ile ile ilikiachia chama nafasi ya kukemea matangazo ya uongo, bodi za majimbo zinaweza kugusa leseni, na FTC haikulala. Januari 2023 iliichukulia hatua kampuni ya LCA-Vision, inayofanya upasuaji wa macho wa leza kwa jina la LasikPlus. Tangazo lilinadi bei ya chini ya dola 300 kwa jicho. Kwa madai ya FTC, ni asilimia 6.5 tu ya waliofika kupimwa walioweza kupata bei hiyo kwa macho yote mawili. Wengine walitajiwa kati ya dola 1,800 na 2,295 kwa jicho. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.25. Fikiria mtu aliyeomba ruhusa kazini, akakaa saa nzima kwenye kiti cha vipimo, ndipo anaambiwa bei ya kweli!

Dhana: Ushuhuda wa mgonjwa hauna kosa, ni maneno yake.

Kosa lipo ukiwa wa kubuni. Tangu Oktoba 2024, kanuni ya FTC inakataza kununua au kuuza maoni ya uongo ya wateja, na kliniki hazikuachwa nje.