Sheria ya kazi humfuata mfanyakazi, haimfuati mwajiri

Kampuni inapotaka kuajiri mtu aliyeko nchi nyingine, swali linalofika kwangu kwanza karibu kila mara ni la mshahara: tumlipe kiasi gani, na kwa sarafu ipi? Mimi huwarudishia lingine: siku mkitaka kuachana naye, mtaachana vipi? Wengi hunitazama kama mtu aliyeleta habari za talaka kwenye posa. Lakini kumwingiza mtu kazini ni kwepesi katika nchi nyingi. Nchi hutofautiana kwenye kumalizana, na gharama kubwa iko hapo.

Msingi wenyewe ni mfupi: mfanyakazi hulindwa na sheria ya mahali anapofanyia kazi, haijalishi kampuni imesajiliwa wapi au mshahara unatoka benki gani. Kiolezo cha mkataba kinachozunguka katika kampuni nyingi huwa na kifungu cha mwisho cha namna hii: "Mkataba huu utatafsiriwa kwa sheria za nchi ya Mwajiri, na mgogoro wowote utasikilizwa na mahakama za nchi hiyo." Katika mkataba wa kuuziana mashine, kifungu hicho kina meno. Katika mkataba wa ajira, mara nyingi ni pambo tu. Ndani ya Umoja wa Ulaya, ibara ya 8 ya Kanuni ya Roma I ya mwaka 2008 inaziruhusu pande mbili kuchagua sheria, ila uchaguzi huo haumwondolei mfanyakazi ulinzi wa lazima wa nchi anakofanya kazi kwa kawaida. Maana yake kifungu ulichokiweka ili kujikinga kinaweza kumwongezea yeye ulinzi: pale sheria ya kwenu inapompa zaidi, ataishika hiyo, pale ya kwake inapompa zaidi, ataishika ya kwake. Na ukitaka kumshtaki mfanyakazi anayeishi huko, utamfuata kwenye mahakama za nchi anayoishi.

Sasa turudi kwenye kuachana. Kampuni za Marekani ndizo zinazopata mshtuko mkubwa zaidi, kwa sababu kwao kanuni ya kawaida ni kwamba upande wowote unaweza kuvunja ajira wakati wowote, bila sababu, mradi sababu isiwe ile iliyokatazwa na sheria kama ubaguzi. Montana ndiyo jimbo lililojitenga na kanuni hiyo, kwa sheria yake ya 1987. Meneja aliyelelewa katika mazingira hayo huona ni jambo la kawaida kumwandikia mtu barua pepe Ijumaa jioni, akiambatisha barua iliyoskaniwa yenye saini yake, na Jumatatu kufunga akaunti ya mhusika.

Chukua barua pepe hiyo hiyo uitume Ujerumani. Sheria ya huko inataka barua ya kuachishwa kazi iwe kwenye karatasi, yenye saini ya mkono, na karatasi yenyewe imfikie mfanyakazi. Njia ya kielektroniki imekatazwa waziwazi. Kwa hiyo barua ile haikumwachisha mtu yeyote kazi. Ajira inaendelea, mshahara unaendelea kuhesabiwa, na kila wiki inayopita kabla hujatuma karatasi sahihi inaweza kuisogeza mbele tarehe ya mwisho ya notisi. Kama pahala pa kazi kuna baraza la wafanyakazi, lazima lisikilizwe kabla ya kila uachishaji. Usipolisikiliza, uachishaji ni batili hata kama sababu yako ilikuwa nzuri. Na kama mtu amemaliza miezi sita kwenye kituo chenye wafanyakazi zaidi ya 10, utahitaji pia sababu inayotambuliwa na sheria. Mfanyakazi naye ana wiki tatu tu za kwenda mahakamani tangu barua imfikie, jambo ambalo waajiri hulisahau wakati wanalalamika kwamba kila kitu kimempendelea yeye.

Uholanzi imekwenda mbali zaidi. Mtu asipokubali kuondoka, na kama hayuko katika kipindi cha majaribio wala hajafanya kosa kubwa, mwajiri hana budi kupata kibali cha taasisi ya bima ya waajiriwa au uamuzi wa mahakama kabla ya kumwachisha.

Afrika Mashariki uzito uko kwenye utaratibu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla hajamwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, kisha amsikilize. Tanzania, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri huthibitisha vitu viwili: kwamba sababu ni ya haki, na kwamba njia iliyofuatwa ni ya haki. Ushahidi wa wizi unaweza kuwa mkononi mwako, na bado ukashindwa kwa sababu hukumpa mtu nafasi ya kujitetea. Mwajiri wa mbali huvunja hili kwa urahisi sana, kwa kuwa kikao kwake ni simu ya video ya dakika tano ambayo uamuzi wake ulishafikiwa jana yake.

Wakishasikia haya, wateja wangu hukimbilia suluhisho moja: basi tusimwajiri, tumwite mkandarasi huru. Nami huuliza: anapanga saa zake mwenyewe? Anaweza kumtuma mtu mwingine afanye kazi hiyo? Ana wateja wengine? Kompyuta ni ya nani? Mara nyingi majibu yanaonyesha mtu anayeleta ankara ya kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi, mwenye anwani ya barua pepe ya kampuni, anayehudhuria kikao cha kila Jumatatu. Mkandarasi anayeomba ruhusa ya kwenda harusini si mkandarasi.

Mahakama huangalia hali halisi, jina lililoandikwa juu ya karatasi haliamui. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi walistahili kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ingawa mikataba yao iliwaeleza kama wafanyabiashara wanaojitegemea. California nayo, tangu Januari 2020, inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa hadi kampuni ithibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba haimwongozi katika kazi, kwamba kazi yake iko nje ya shughuli za kawaida za kampuni, na kwamba ana biashara yake mwenyewe ya aina hiyo. Ukishindwa, hulipi faini peke yake. Michango ya hifadhi ya jamii, kodi ambayo hukuikata na likizo ambayo hukuitoa vinaweza kudaiwa kwa kurudi nyuma hadi siku ya kwanza.

Kuhusu mshahara wenyewe, neno langu ni moja: usipange bajeti kwa kutazama namba iliyoko kwenye mkataba. Brazili ni mfano mzuri. Mtu wa reali 10,000 kwa mwezi analipwa mshahara wa 13 kila mwaka, yaani mshahara wa mwezi mmoja wa ziada juu ya ile 12, haki iliyowekwa kisheria tangu 1962. Akienda likizo ya siku 30, analipwa nyongeza ya theluthi moja ya mshahara, yaani reali 3,333 na ushee. Kila mwezi mwajiri anaweka asilimia 8, reali 800, kwenye akaunti ya mfuko wa dhamana iliyo kwa jina la mfanyakazi, na mshahara ule wa 13 nao unawekewa asilimia hiyo hiyo. Juu yake kuna mchango wa mwajiri kwenye hifadhi ya jamii, ambao kwa kampuni nyingi ni asilimia 20. Sasa muachishe baada ya miaka mitatu bila kosa lake. Akaunti ya mfuko imefika zaidi ya reali 31,000, nawe unamlipa asilimia 40 ya kiasi hicho, zaidi ya 12,000, mbali na notisi ya siku 30 inayoongezeka siku tatu kwa kila mwaka aliokutumikia. Ufilipino pia ina mshahara wa 13, unaopaswa kulipwa kabla ya tarehe 24 Desemba kupita, na Falme za Kiarabu zina kiinua mgongo kinachopimwa kwa miaka ya utumishi.

Kwenye likizo sitakaa sana, ila angalia namna siku zinavyohesabiwa. Kenya inatoa angalau siku 21 za kazi kwa mwaka. Tanzania inatoa siku 28 mfululizo. Ukisoma haraka utadhani Tanzania ni wakarimu zaidi, lakini siku 28 mfululizo ni wiki nne, yaani siku 20 za kazi kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki. Nimeona mfumo wa kampuni uliozichanganya hesabu hizi mbili na kuwapa watu wa ofisi moja wiki zaidi ya moja wasiyostahili. Hakuna mfanyakazi aliyelalamika.

Vifungu vya kumzuia mtu asiende kwa mshindani navyo hunakiliwa bila kufikiriwa. California haivitambui. India haijavitambua tangu Sheria ya Mikataba ya 1872, kwa kipindi cha baada ya ajira. Ujerumani inavikubali kwa miaka miwili isiyozidi, mradi umlipe mtu angalau nusu ya mapato yake ya mwisho kwa muda wote unaomzuia. Na Ufaransa, mkataba ulioandikwa sharti uwe kwa Kifaransa. Kifungu cha lugha nyingine huwezi kukitumia dhidi ya mfanyakazi.

Kodi ni uwanja wa wenzangu wahasibu, lakini kuna dhana moja ambayo lazima niiseme: ile ya siku 183. Watu huamini kwamba mtu akifanya kazi katika nchi kwa chini ya siku hizo hakuna kodi popote. Kanuni hiyo, kama ilivyo katika mikataba mingi ya kodi kati ya nchi na nchi, inamhusu mtu aliyetoka nchi moja kwenda kufanya kazi nyingine kwa muda, na ina masharti mengine pia. Haimhusu mtu unayemwajiri nyumbani kwake anakoishi mwaka mzima. Zaidi ya hapo, mfanyakazi mwenye mazoea ya kufunga mikataba kwa niaba yako anaweza kuifanya kampuni ihesabike kuwa na makao ya biashara katika nchi hiyo, na faida yako ikaanza kutozwa kodi huko.

Ndiyo maana kampuni ndogo hupenda kutumia kampuni ya kati, ile inayomwajiri mtu kisheria huku wewe ukimpangia kazi. Ni njia nzuri kwa mtu mmoja au wawili, nami huipendekeza mara kwa mara. Lakini Ujerumani mpango wa namna hiyo unaweza kuhesabiwa kuwa ni kukodisha wafanyakazi, unaohitaji leseni na wenye kikomo cha kawaida cha miezi 18 kwa mtu mmoja. Ukipita, sheria inaweza kukuhesabu wewe kuwa mwajiri wake. Kabla ya kusaini na kampuni ya kati yoyote, soma mkataba wao utafute ni nani atakayesaini barua ya kuachisha kazi, nani atalipa mshahara kesi ikiwa bado mahakamani, na nani anayetunza kumbukumbu za likizo. Kama majibu hayamo, waombe wayaandike, na mshahara wa kwanza usubiri hadi wayaandike.