Kilo za Mshipi Si Kilo za Samaki

Nguvu ya mshipi wa kuvulia samaki ni uzito ambao uzi mzima, usio na fundo wala mkwaruzo, unaweza kuuhimili ukivutwa taratibu kabla haujakatika. Huandikwa kwenye lebo kwa kilo au kwa lb, yaani ratili. Ratili moja ni gramu 454 hivi, kwa hiyo mshipi wa ratili 30 ni wa kilo 13 na ushei. Anayesoma 30 akadhani ni kilo amejipunja tangu dukani. Namba ya milimita, kama 0.60, ni unene. Mishipi miwili yenye unene mmoja yaweza kupishana nguvu.

Kinachonikera ni kauli ninayoisikia kila wanaoanza kuvua wanapozungumza: "Huu wa kilo 15 hautamweza samaki wa kilo 20." Au kinyume chake: "Nimenunua wa kilo 30, wa kilo 25 hanikatii." Zote mbili zina kosa moja: zinachukua kilo za kukatika uzi na kuzifanya kilo za samaki.

Samaki aliye majini hauelemei mshipi kwa uzito wa mizani, kwa sababu maji yanambeba karibu wote. Kinachovuta uzi ni misuli yake, kasi yake na ukaidi wako wewe unayemzuia. Ndiyo maana sulisuli wa kilo 30 huko Malindi na Watamu aweza kuvuliwa kwa mshipi wa kilo 10: akikimbia anaachiwa, akichoka anavutwa. Anayetumia rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, huweka breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, ili uzi uanze kutoka mapema kabla ya kufika mpaka wake. Anayevua kwa mkono, viganja vyake ndiyo breki, na asiuzungushe mshipi vidoleni hata siku moja, maana uzi huo hukata nyama. Lakini funga mshipi kwenye ubavu wa mashua usiachie hata shubiri, na kolekole mdogo tu aweza kuukata kwa mshtuko mmoja.

Kwa chewa, mambo hubadilika. Huyu akishameza chambo hukimbilia pangoni, na ukimwachia umemkosa. Hapo unahitaji mshipi mnene kwelikweli, kwa sababu lazima umzuie papo hapo na kwa sababu matumbawe yanaukwaruza. Nguru naye tatizo lake ni meno. Anahitaji kipande cha waya mbele ya ndoana, na kuongeza kilo za mshipi hakukusaidii chochote. Uzito wa mizani hurudi pale tu unapomnyanyua samaki kutoka majini, na kazi hiyo ni ya kulabu au wavu wa mkono.

Halafu, katika maana niliyoanza nayo, kuna maneno mawili yanayosahaulika: mzima, na usio na fundo. Mshipi wa nailoni ukilowa hupoteza sehemu ya nguvu yake. Ndiyo sababu IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo lililoanzishwa 1939, hupima mishipi ya rekodi ikiwa imelowa. Fundo hupunguza zaidi. Fundo la kawaida, lile la kufungia mfuko, laweza kuila karibu nusu ya nguvu. Anayeanza ajifunze fundo hili kwanza: pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, izungushe kwenye uzi wenyewe mara 5, irudishe kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ndani ya kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza, kwa sababu nailoni ikisuguana kavu hupata joto na kudhoofika. Kaza polepole, kata ncha uache kidogo. Baada ya kila samaki mkubwa pitisha kucha kwenye kipande cha mwisho cha uzi, urefu wa hatua moja hivi. Ukihisi mparuzo, kata kipande hicho ufunge upya.

Kwa hiyo mtu akikwambia mshipi wa kilo 15 ni wa samaki wa kilo 15, mwelekeze kwa upole kwamba hizo ni kilo za kukatika uzi, kisha mwulize anavua wapi, anamtaka samaki gani, na ndoana yake ameifunga kwa fundo lipi.