Je, wajua kwa nini paa lenye majani linapoa? Kumbe linatoka jasho

Kama unakaa ghorofa ya juu huku Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, chini ya paa la zege, kaskazi unaijua mwenyewe, saa nne za usiku jua limeshazama zamani lakini dari bado inatema moto, pangaboi linakurudishia hewa ile ile ya moto. Zege linanyonya jua mchana kutwa, usiku ndo linakulipa.

Sasa kuna miji wanapanda majani juu ya paa, na masuali yanakuja, vijani tu vinapoozaje nyumba? Wengi wanajibu kivuli. Kivuli kipo kweli, ila kazi kubwa ni ya jasho. Mnaukumbuka mtungi wa bibi, maji baridi na umeme hakuna? Ule udongo una vitundu, maji yanapenya nje kidogo kidogo, yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Mmea ndo hivyo hivyo, unavuta maji kwa mizizi unayatoa kwa majani. Na usidharau, lita moja ikigeuka mvuke inabeba joto zaidi ya mara 5 ya lile la kuipasha lita hiyo hiyo kutoka ubaridi wa barafu mpaka itokote.

Chicago kule Marekani jengo la manispaa lilipandwa bustani juu, na jengo lenyewe ni moja ila nusu ni ya serikali nyengine, wao wakabaki na lami nyeusi. Siku moja ya Agosti 2001 wakapima: lami nyuzi 76, kwenye mimea kati ya 33 na 48. Jengo moja, jua moja!

Ila tusidanganyane, hewa yetu ina unyevu wa bahari, masika hata kanga haikauki kambani, basi na jasho la majani halikauki haraka hivyo. Huku kwetu ule udongo wenyewe kulikinga zege lisipigwe jua ndo utatusaidia sana.

Na uzito jamani. Sentimita 10 za udongo uliolowa zinaweza kupita kilo 150 kwa mita moja ya mraba, na chini yake lazima pawe na tabaka la kuzuia maji, la kuzuia mizizi na la kupitisha maji ya mvua. Kwa hiyo nyumba za Mji Mkongwe za mawe na chokaa, zilizobebwa na boriti za mikoko, ziacheni kama zilivyo, maji yakizama mle boriti inaoza. Nyumba mpya ya zege sawa, ila muite injinia kabla ya kupandisha hata pakacha moja la udongo, halafu panda vitu vinavyovumilia kiu kama mshubiri.

Mimi nnazo ndoo za mchaichai tu huko juu. Saa nane mchana sogeza moja, kanyaga pale ilipokaa na mguu mtupu, halafu kanyaga pembeni yake. Utaruka.