Vijiti 22 kwa 9: dhana potofu kuhusu rasilimali za vita vya Marekani darasani

Mwalimu anayefundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865, kwa kawaida huchora jedwali la safu mbili, Kaskazini (majimbo yaliyobaki katika Muungano) na Kusini (majimbo yaliyojitenga), kisha watoto hujaza idadi ya watu, viwanda na reli. Jedwali hilo ni mwanzo mzuri, lakini likiachwa hivyo hivyo huacha vichwani mwao dhana ambazo ni kazi kubwa kuziondoa baadaye.

Dhana: Kaskazini ilikuwa na vingi zaidi, kwa hiyo ilikuwa imeshashinda kabla ya vita kuanza.

Ni kweli kwamba Kaskazini ilikuwa na watu wapatao milioni 22 dhidi ya milioni 9, na reli zenye urefu unaozidi mara mbili ule wa Kusini. Hata hivyo, pande hizo hazikuwa na kazi ya aina moja. Kusini ilihitaji kujihami tu hadi wapiga kura wa Kaskazini wachoke na vita, ilhali Kaskazini ililazimika kuingia na kuliteka eneo la karibu kilomita za mraba milioni 2. Mnamo Agosti 1864 Rais Abraham Lincoln wa Kaskazini mwenyewe aliamini kwamba huenda akashindwa katika uchaguzi, na hali ilibadilika pale jeshi lake lilipouteka Atlanta, mji wa Kusini, mwezi uliofuata. Waulizeni watoto: ikiwa wingi ulitosha, mbona vita vilichukua miaka minne?

Dhana: Kusini ilikuwa na watu milioni 9 wa kuipigania.

Hapa ndipo ninapomwomba mwalimu asiwe na haraka. Wape watoto vijiti 22 upande mmoja na 9 upande wa pili, kila kijiti kikiwakilisha watu milioni moja, kisha waambie watenge vijiti vitatu na nusu kutoka katika vile tisa, wakivunja kimoja kwa mikono yao. Vijiti hivyo ni watu waliokuwa utumwani. Vitabu vingi huwaandika katika safu ya Kusini kama nguvu kazi, na kwa kiasi fulani ni sahihi, kwa kuwa walilima mashamba na kujenga ngome huku wazungu wakienda vitani. Lakini kuwaorodhesha pamoja na pamba na mifugo, bila neno zaidi, ni kurudia darasani hesabu ya waliowamiliki.

Watu hao walikuwa na nia yao wenyewe. Mei 1861 wanaume watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walitoroka na kuingia Fort Monroe, ngome ya Kaskazini iliyoko Virginia, na Jenerali Benjamin Butler akakataa kuwarudisha. Maelfu walifuata njia hiyo. Kufikia mwisho wa vita, wanajeshi weusi wapatao 180,000 walikuwa wametumikia jeshi la Kaskazini, wengi wao wakiwa wametoka utumwani. Basi mtoto achukue sehemu ya vijiti vile alivyovitenga na kuvihamishia upande wa pili, ili aone kwamba safu moja ilipungua na nyingine ikaongezeka kwa uamuzi wa watu wenyewe.

Dhana: Pamba ilikuwa utajiri wa kutosha kugharamia vita.

Viwanda vya nguo vya Uingereza vilitegemea sana pamba ya Kusini, na mwaka 1861 wakulima na wafanyabiashara wa Kusini waliizuia kwa makusudi, wakitumaini kwamba Uingereza ingelazimika kuwaunga mkono. Lakini maghala ya Uingereza yalikuwa yamejaa mavuno ya nyuma, na baadaye pamba ikapatikana India na Misri. Wakati huohuo meli za Kaskazini zilizidi kuziba bandari. Pamba hailiki: tarehe 2 Aprili 1863 wanawake wa Richmond, mji mkuu wa Kusini, walivunja maduka wakidai mkate.

Dhana: Kusini ilishindwa kwa kukosa silaha.

Richmond ilikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma cha Tredegar, na mji wa Augusta, Georgia, ulitengeneza baruti kwa wingi. Kilichokwama zaidi ni usafirishaji. Upana wa reli ulitofautiana kati ya njia na njia, hivyo mizigo ilishushwa na kupakiwa upya, na reli zilizochakaa hazikupata mbadala kwa sababu chuma kilielekezwa kwenye mizinga na meli. Mapema Aprili 1865, jeshi la Jenerali Robert E. Lee wa Kusini lilifika kijiji cha Amelia Court House, Virginia, likitarajia kukuta chakula. Lilikuta risasi na zana za mizinga. Siku chache baadaye, tarehe 9 Aprili, Lee alijisalimisha Appomattox.