IgG4 ikiwa juu sio lazima uwe na ugonjwa wa IgG4

Wiki hii tena, ni hii hii IgG4, aina ya kingamwili inayopimwa kwenye damu, na ule ugonjwa wake ambao kinga ya mwili inavimbisha viungo na kuvitia makovu. Kaingia mzee mmoja wa Mbagala na bahasha, hata hatujamaliza kusalimiana keshaiweka karatasi mezani, "Dokta, IgG4 yangu 210, kijana wangu kasoma kwenye simu anasema nina ule ugonjwa wa kongosho." Usiku mzima hajalala. Nikamuuliza, umewahi kuwa na manjano? Hapana. Tezi za mate chini ya taya zimevimba, kope zimejaa? Hapana. Ultrasaundi ya tumbo safi. Ana pumu tangu utotoni, basi.

Jamani hii ndo inanichosha kuliko zote. Mstari unaotumika sana ni 135 (miligramu kwa desilita), ukipita hapo maabara wanaweka alama nyekundu na mtu anajihesabu mgonjwa. Lakini IgG4 inapandishwa na vitu kibao, pumu, aleji, sirosisi (ini lililojaa makovu), na hata karibu mgonjwa 1 kati ya 10 wa saratani ya kongosho, sasa fikiria ukimwambia huyo "ni IgG4 tu, meza dawa" umemfanya nini. Halafu sisi tuko Pwani. Minyoo ya matende inapandisha IgG4 kwelikweli, na mara nyingi ni kwa yule ambaye hajavimba mguu wala kuota busha, ana vimelea kwenye damu na anatembea zake Kariakoo hajui. Kwa hiyo mtu wa huku akiletewa namba peke yake, bila kiungo chochote kilichovimba, mimi hiyo namba siipi uzito.

Chanzo nakielewa, Wajapani mwaka 2001 ndo walionyesha IgG4 inapanda kwa wenye kongosho lililovimba na kuwa gumu, watu wakaing'ang'ania namba. Ila vigezo vya 2019 vya wataalamu wa Marekani na Ulaya vinaanza na kiungo: kongosho, mirija ya nyongo, tezi za mate na machozi, figo, mapafu, au lile kovu linalozunguka aota (mshipa mkuu wa damu) nyuma ya tumbo mpaka linabana mirija ya mkojo. Kipimo cha damu kinakuja baadaye.

Na upande wa pili ni hivyohivyo. "Dokta IgG4 iko kawaida, basi sina." Wapo wengi tu ambao kinyama (kipande kidogo cha kiungo kinachokatwa kupimwa) kimethibitisha ugonjwa na damu iko sawa kabisa. Tena kuna wakati IgG4 ni nyingi mno mpaka mashine inasoma ndogo, ndo maana picha ikigoma kuendana na namba nawapigia maabara wazimue sampuli wapime upya. Kinachoongea ni kinyama: seli za plazima (zinazotengeneza kingamwili) zenye IgG4 zikiwa zaidi ya 40% ya zile zenye IgG, yaani kundi zima ambalo IgG4 ni sehemu yake, makovu yaliyosukwa kama mkeka, vena ndogo zimezibwa.

Kwamba CRP (kipimo cha damu cha uvimbe) ikiwa kawaida hamna uvimbe mwilini, sio kweli, kwenye ugonjwa huu mara nyingi iko kawaida au imepanda kidogo. CRP ikiwa juu sana na homa kali juu yake mimi natafuta kitu kingine, TB kwanza. Angalia badala yake eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) na IgE (kingamwili ya aleji), na kama figo imeguswa angalia C3 na C4 (protini za kinga kwenye damu), zikishuka ni dalili nzito.

Nyingine ni hii ya "nimemeza prednisoloni ya duka la dawa uvimbe ukayeyuka, kwa hiyo ndo wenyewe." Prednisoloni ni steroidi, ndo dawa ya ugonjwa huu, lakini limfoma (saratani ya tezi za limfu) nayo inayeyuka kwa prednisoloni! Inayeyuka, inatulia, halafu kinyama tukichukua hakisomeki na miezi imeshapotea. Nawaomba sana, kama hali sio ya dharura, kinyama kwanza kidonge baadaye.

Na aliyethibitishwa akaanza dozi ya prednisoloni, kawaida miligramu 30 hadi 40 kwa siku, asiache siku manjano yakiisha. Inapunguzwa pole pole kwa miezi, na ugonjwa huu unapenda kurudi, wakati mwingine kwenye kiungo kingine kabisa. Sukari pima kabla ya kuanza na kila ukirudi klinik, maana kongosho lenyewe limeshaumia na dawa nayo inaipandisha.