Je, wajua? Mafuriko yanaweza kuongezeka huku udhaifu wa nchi ukipungua

Kila masika, maji ya Mto Msimbazi yakifunika barabara pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi yakasitisha safari, watu Dar es Salaam husema nchi inazidi kuwa dhaifu mbele ya mabadiliko ya tabianchi. Huenda ni kweli. Lakini maji yale peke yake hayathibitishi hilo, na wanaopima udhaifu wa nchi mwaka hadi mwaka hawaanzi kwa kuhesabu mafuriko.

Katika ripoti zake za 2012 na 2014, Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilitenganisha mambo matatu ambayo sisi huyachanganya. Kuna tishio lenyewe, yaani mvua kubwa, kimbunga au ukame. Kuna watu na mali vilivyo mahali tishio linapopita. Halafu kuna udhaifu: watu hao wataumia kiasi gani likiwafika, na wana nini cha kujinusuru nacho.

Chukua nyumba mbili za Kigogo zilizopakana kule kwenye bonde la Msimbazi. Mvua ni ileile, maji ni yaleyale. Ya kwanza imeinuliwa msingi, mlangoni kuna kizingiti cha zege kinachofika magotini, na mwenye nyumba ana ndugu yake Mbezi wa kuwapokea watoto usiku wa manane. Ya pili sakafu yake iko sawa na njia, choo cha shimo kikijaa kinamwagikia uani, na mama anayepanga humo anauza maandazi. Unga, mafuta na mtaji wake wote viko chini ya kitanda. Asubuhi yule wa kwanza anafagia tope. Huyu wa pili hana biashara tena, na wiki hiyohiyo mtoto anaweza kuanza kuharisha. Kinachopimwa kwa jina la udhaifu ni huo umbali kati ya nyumba hizo mbili.

Sasa tazama jiji zima. Sensa ya 2002 ilikuta Dar es Salaam ina watu takriban milioni 2.5, ile ya 2022 ikakuta milioni 5.4. Mafuriko yaleyale yakirudi leo yanawakuta watu wengi zaidi bondeni. Idadi ya walioathirika ikiongezeka mara mbili sambamba na wakazi, kila mmoja bado ana uwezekano uleule wa kuumia. Kwa hiyo mtafiti hugawa madhara kwa idadi ya waliofikiwa na tishio, asiishie kwenye jumla.

Mfano ulio wazi zaidi ni Bangladesh. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Cha 1991 kiliua takriban 138,000. Sidr, kimbunga kikali cha 2007, kiliua kama 3,400, ilhali idadi ya watu nchini ilikuwa imezidi maradufu ya ile ya 1970. Katikati ya miaka hiyo yalijengwa makimbilio ya zege pwani, na maelfu ya wanavijiji wakajitolea kupita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti kuwahamisha watu. Tahadhari inahitajika hapa: vimbunga havifanani, na msitu wa mikoko wa Sundarbans ulipunguza makali ya Sidr. Hata hivyo mikoko peke yake haielezi tofauti kubwa kiasi hicho.

Kipimo kimoja kinachotumika sana ni kile cha Chuo Kikuu cha Notre Dame cha Marekani, ND-GAIN, chenye takwimu za tangu 1995 kwa nchi zaidi ya 180. Kinaangalia mambo kama wingi wa wahudumu wa afya, upatikanaji wa maji salama, umeme, na kiasi ambacho nchi hutegemea chakula cha kuagiza. La ajabu ni kwamba sehemu yake inayohusu ukali wa tishio hutoka kwenye makadirio ya miongo ijayo, nayo haibadilishwi kila mwaka. Mvua ya masika haiigusi kabisa. Alama ya udhaifu ya nchi ikipanda au kushuka, kilichosogea ni hali ya watu na huduma zao.

Nafasi ya nchi kwenye orodha nayo hupotosha. Mtoto anaweza kutoka alama 60 hadi 65 na bado akashuka kutoka wa 10 hadi wa 15 darasani, kwa sababu wenzake wamepanda zaidi. Gazeti likiandika kwamba nchi imeporomoka, tafuta kwanza alama zake za miaka iliyopita.

Hifadhi za kumbukumbu za maafa nazo zina pengo. EM-DAT, inayotunzwa Ubelgiji, huandika tukio likifikisha vifo 10, au watu 100 walioathirika, au likisababisha tangazo la hali ya hatari au ombi la msaada wa kimataifa. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 Dar es Salaam, yanavuka kiwango hicho bila shaka. Maji yanayoingia nyumba 12 za mtaa mmoja na kuondoka na mtaji wa maandazi hayavuki, hata yakirudi kila mwaka. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za Dar es Salaam, ambako kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaro, nyumba na mahali maji yanapofika, mtaa kwa mtaa.